"Wachina" wa Cabo Delgado ni akina nani? Jinsi uamuzi wa Beijing unavyofika Palma na Mocímboa da Praia

Katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, kuanzia mlango wa mto Ruvuma hadi Mocímboa da Praia, neno "Wachina" hubeba mizigo mingi kwa pamoja. Mkandarasi wa barabara ni Mchina. Mnunuzi wa magogo ni Mchina. Majongoo bahari yanayokaushwa visiwani, ambayo wengi huku huyaita magajojo, yanasemwa kuwa ni chakula cha Wachina. Na katika gesi iliyo chini ya bahari mbele ya Palma, mmoja wa wenye hisa wakubwa ni Mchina pia.

Wote hao wanatoka katika nchi moja, lakini hawatumwi na mtu mmoja, hawawajibiki kwa ofisi moja, na mara nyingi hawajuani. Kwa msomaji aliye mbali jambo hili linaweza kuonekana kuwa la kitaaluma tu. Kwa familia iliyohamishwa kutoka rasi ya Afungi, au kijiji kilichoona mikongo na mininga yake ikipita barabarani juu ya malori, tofauti hiyo ndiyo inayoamua malalamiko yapelekwe wapi, na jibu gani linaweza kutarajiwa. Ili kuielewa, ni lazima kuanzia mbali kidogo, katika mfumo wa utawala wa China wenyewe.

Chama kwanza, serikali baadaye

Msumbiji iliwahi kuwa na mfumo unaofanana na huo, na wazee wanaoikumbuka miaka ya mwanzo ya uhuru hawatapata taabu kuutambua. Mwezi Februari 1977, katika mkutano wake mkuu wa tatu, FRELIMO ilijitangaza kuwa chama cha Kimarx na Kilenin kilicho juu ya dola. Msumbiji iliachana na utaratibu wa chama kimoja kwa katiba ya mwaka 1990. China haikuachana nao.

Chama cha Kikomunisti cha China, kilichoanzishwa mwaka 1921 na kushika dola mwaka 1949, sasa kina wanachama zaidi ya milioni 100. Kila baada ya miaka mitano hufanya mkutano mkuu, ambao huchagua Halmashauri Kuu yenye wajumbe kamili 205. Juu yao kuna ofisi ya siasa, Politburo, ambayo ilikuwa na watu 24 ilipochaguliwa Oktoba 2022, na juu ya hiyo kuna kamati ya kudumu ya watu saba. Mambo makubwa huamuliwa humo. Anayekaa kileleni ni Katibu Mkuu wa chama, Xi Jinping, ambaye pia ni mwenyekiti wa tume ya kijeshi na rais wa nchi. Kati ya vyeo hivyo vitatu, urais ndio wenye nguvu ndogo kuliko vyote, ingawa ndio unaotajwa zaidi katika habari za nje.

Kipo pia chombo kinachofanana na bunge, Bunge la Umma, lenye wajumbe karibu 3,000. Hukutana mwezi Machi kwa siku chache. Mwezi Machi 2018 liliondoa katika katiba kikomo cha mihula miwili ya urais, na Machi 2023 likampa Xi muhula wa tatu bila kura hata moja ya kumpinga. Viko vyama vingine vinane vidogo, lakini vyote vinakubali uongozi wa Chama cha Kikomunisti. Hakuna chama cha upinzani kwa maana inayoeleweka Maputo au Dar es Salaam.

Linalohitaji kuzingatiwa zaidi, hata hivyo, si kilele hicho. Ni idara moja ambayo msomaji wa Kitanzania angeiita Idara ya Oganaizesheni. Idara hiyo ya chama ndiyo inayosimamia uteuzi wa magavana, mawaziri na pia wakuu wa makampuni makubwa ya serikali. Mkuu wa kampuni ya mafuta anaweza kuhamishwa na kuwa gavana wa jimbo; gavana anaweza kuhamishwa na kuwa waziri. Mtu wa aina hiyo ana hesabu mbili kichwani: faida ya kampuni, na jina lake mbele ya chama. Anapoamua kuwekeza au kutowekeza katika eneo lenye vita, hesabu zote mbili hufanya kazi.

Udugu uliopitia Nachingwea

Uhusiano wa China na mwambao huu haukuanzia kwenye gesi. Kabla ya uhuru, wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo kusini mwa Tanzania, katika kambi ya Nachingwea, na miongoni mwa waliowafundisha walikuwamo wakufunzi wa Kichina. Eduardo Mondlane alifika China mapema katika miaka ya 1960. Samora Machel alikwenda huko mwaka 1971, na tena Februari 1975, miezi michache kabla ya uhuru. Vita vilivyoanza Chai, wilayani Macomia, tarehe 25 Septemba 1964, vilikuwa na mkono wa China nyuma yake, pamoja na mikono mingine. Tarehe 25 Juni 1975, siku ileile bendera ya Msumbiji ilipopandishwa, nchi hizo mbili zilianzisha uhusiano wa kibalozi.

Hotuba za leo hupenda kuruka kutoka hapo hadi sasa, kana kwamba udugu huo haukukatika. Ukweli una kona zaidi. China na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zimegombana, na Msumbiji huru iliegemea Moscow, ikatia saini mkataba wa urafiki na Wasovieti mwaka 1977. Kwa miaka mingi China haikuwa mshirika mkubwa wa Maputo. Ilirudi kwa nguvu katika miaka ya 2000, baada ya kuanzishwa kwa Jukwaa la Ushirikiano kati ya China na Afrika mjini Beijing mwaka 2000, na safari hii ilirudi na benki na makandarasi.

Upande wa Tanzania kuna kumbukumbu nyingine inayoeleza kwa nini China huithamini Afrika katika Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu lilipitisha kwa kura 76 dhidi ya 35 azimio namba 2758, lililoipa Beijing kiti kilichokuwa kimekaliwa na serikali ya Taiwan. Balozi wa Tanzania, Mzanzibari Salim Ahmed Salim, alikuwa miongoni mwa walioshangilia waziwazi ukumbini. Marekani haikusahau. Mwaka 1981, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo, Washington ilimzuia kwa kura ya turufu, na China nayo ikamzuia Kurt Waldheim mara 16 mfululizo. Mwishowe kiti kilikwenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kura za Afrika ndizo zilizoiingiza China mlangoni, na hadi leo sharti la kwanza la kuwa rafiki wa Beijing ni kukubali kwamba kuna China moja tu. Barani Afrika ni Eswatini pekee inayoendelea kuitambua Taiwan.

Chama kuzungumza na chama

Uhusiano wa kawaida kati ya nchi hupitia wizara za mambo ya nje. China ina njia ya pili: idara ya chama inayoshughulikia uhusiano wa kimataifa, ambayo huzungumza moja kwa moja na vyama vya nchi nyingine. Tarehe 23 Februari 2022 ilizinduliwa huko Kibaha, mkoani Pwani, Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa fedha za Chama cha Kikomunisti cha China. Shule hiyo ni ya vyama sita vilivyoongoza ukombozi kusini mwa Afrika: CCM, FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZANU-PF. Makada wao hukaa darasa moja na kusomea uongozi.

Hapa pana jambo ambalo kwa mwambao wa kaskazini lina uzito wake. Mfumo wa aina hiyo huijua Msumbiji kupitia chama tawala. Mvuvi wa Olumbi, mfanyabiashara Mmwani wa Mocímboa da Praia, sheikh wa msikiti wa Palma, kama hawamo katika ngazi za chama, hawaonekani kirahisi katika picha inayofika Beijing. Haimaanishi kwamba wanadiplomasia wa China hawajui hali ya kaskazini. Maana yake ni kwamba habari zao za msingi huwafikia kupitia mdomo wa wale wanaotawala, na urafiki wao umefungwa na wale wanaotawala. Wakati wa maandamano yaliyofuata uchaguzi wa Oktoba 2024, msimamo wa Beijing ulikuwa uleule wa siku zote: hayo ni mambo ya ndani ya Msumbiji.

Asilimia 20 zisizopiga kelele

Sasa gesi. Mwezi Machi 2013, shirika la mafuta la serikali ya China, CNPC, lilikubaliana na Eni ya Italia kununua asilimia 28.57 ya kampuni ya Eni East Africa kwa dola za Marekani bilioni 4.21. Kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa na asilimia 70 ya Eneo la 4 katika bonde la Ruvuma, China ilijipatia asilimia 20 ya eneo zima. Kwa mauzo hayo Eni ilikubali kuilipa serikali ya Msumbiji kodi ya dola milioni 400. Mwaka 2017 ExxonMobil ya Marekani nayo ilinunua sehemu ya Eni. Hivyo Mwitaliano, Mmarekani na Mchina wamo katika kampuni moja, Mozambique Rovuma Venture, huku miji mikuu ya Wamarekani na Wachina ikivutana kila siku katika biashara na siasa.

Wengi huku wanazijua nembo za TotalEnergies na Eni. CNPC haionekani sana, na kuna sababu. Katika Eneo la 4, Eni ndiyo inayoendesha uzalishaji wa baharini, na ExxonMobil imepewa kuongoza kiwanda cha nchi kavu kinachopangwa Afungi. CNPC ni mshirika anayelipa sehemu yake ya gharama, anayekaa mezani wakati wa maamuzi, na anayejifunza. Haimiliki uzio wala kuajiri walinzi, na si yeye anayekaa na wanakijiji kupima mashamba. Kwa hiyo inakwepa lawama, lakini faida yake haikwepi.

Je, gesi hiyo inakwenda China kwa kuwa Mchina ana hisa? Hapana, si hivyo moja kwa moja. Meli-kiwanda ya Coral Sul, iliyoundwa Korea Kusini na kufika Msumbiji Januari 2022, ilipakia shehena yake ya kwanza Novemba mwaka huohuo. Ina uwezo wa kuzalisha tani milioni 3.4 kwa mwaka, na mnunuzi wa gesi yake yote kwa miaka 20 ni BP ya Uingereza, ambayo huiuza inakotaka. Kwa upande mwingine, katika Eneo la 1, ambako China haina hisa hata moja, shirika jingine la serikali yake, CNOOC, lilitia saini mwaka 2019 mkataba wa kununua tani milioni 1.5 kwa mwaka kwa miaka 13. Mwenye hisa na mnunuzi ni watu wawili. Anayefuatilia gesi kwa kuangalia bendera ya mwenye hisa atapotea njia.

Kuna mkono wa tatu pia: fedha. Mradi wa Coral Sul ulipokopa, miongoni mwa waliokopesha na kudhamini zilikuwamo benki za China na shirika lake la bima ya mikopo, Sinosure, pamoja na taasisi za Korea Kusini, Ufaransa na Italia. CNPC, CNOOC, benki na Sinosure zote ni za dola. Lakini kila moja ina vitabu vyake, wakuu wake na woga wake. Makampuni makubwa yapatayo mia moja yako chini ya tume ya kusimamia mali za serikali iliyoundwa mwaka 2003, na mara nyingi hushindana wao kwa wao nje ya nchi.

Woga huo si wa bure. Jiang Jiemin alikuwa mwenyekiti wa CNPC hadi Machi 2013, mwezi uleule wa mkataba na Eni, kisha akapandishwa kuongoza tume hiyo ya mali za serikali. Mwezi Septemba mwaka huo alikuwa tayari ameondolewa, na Oktoba 2015 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 16 kwa hongo na makosa mengine. Kesi hiyo haikuihusu Msumbiji. Tangu wakati huo, kampeni ya Xi dhidi ya ufisadi imewafanya wakuu wengi wa makampuni ya serikali kuogopa uwekezaji wa hatari nje ya nchi. Ukimya wa CNPC mbele ya vita vya Cabo Delgado unaeleweka zaidi ukiutazama kutoka huko.

Kwa nini askari wa China hawakuja

Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 mji huo ulitekwa. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilivamiwa, na mwezi uliofuata TotalEnergies ilitangaza kwamba hali iliyo nje ya uwezo wake inaizuia kutimiza wajibu wa mkataba, ikaondoa watu wake Afungi. Julai mwaka huo waliingia askari wa Rwanda na wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, na tarehe 8 Agosti Mocímboa da Praia ikakombolewa. Umoja wa Ulaya ulichangia gharama za Warwanda. Ujumbe wa SADC uliondoka mwaka 2024.

Katika yote hayo, nchi yenye asilimia 20 ya Eneo la 4 haikutuma kikosi. Wapo wanaoona huo ni unyonge, na wapo wanaouona ni ujanja. Maelezo yake yako katika kanuni ambayo China imeishikilia tangu mwaka 1954, ilipokubaliana na India juu ya misingi mitano ya kuishi pamoja kwa amani, mmojawapo ukiwa kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Mwanzoni kanuni hiyo ilikuwa ngao ya nchi maskini iliyoogopa kuingiliwa. Sasa ni kanuni ya nchi kubwa, lakini bado ina kazi: inailinda China isiulizwe kuhusu mambo yake yenyewe, na inawafanya watawala wa nchi nyingine wajisikie salama mbele yake.

Kanuni, hata hivyo, huwa na mipaka inayosogea. Tangu mwishoni mwa mwaka 2008 manowari za China husindikiza meli katika Ghuba ya Aden. Mwaka 2017 China ilifungua kituo chake cha kwanza cha kijeshi nje ya nchi, huko Djibouti. Na mwishoni mwa Julai hadi Agosti 2024, majeshi ya China, Tanzania na Msumbiji yalifanya mazoezi ya pamoja nchini Tanzania, na somo lake lilikuwa kupambana na ugaidi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa somo hilo lilitungwa kwa kuangalia wapi. Njia ya Beijing ni kumwezesha mwenyeji apigane mwenyewe: kumfundisha, kumpa vifaa, kumtetea kidiplomasia. Risasi zipigwe na wengine.

Kwa mkazi wa kaskazini, udhaifu wa njia hiyo uko mahali pamoja. Kama chanzo cha vita kingekuwa uhaba wa vifaa vya jeshi tu, ingetosha. Lakini watafiti na wakazi wenyewe wametaja pia ardhi, ajira, dhuluma za vyombo vya dola, na hisia za vijana wa mwambao kwamba utajiri unapita mbele ya macho yao kwenda kwingine. Hayo ni mambo ya ndani, na kanuni inasema yasiguswe.

Daraja si zawadi, na deni si lote la Beijing

Tarehe 12 Mei 2010, marais Armando Guebuza na Jakaya Kikwete walifungua Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, kati ya Negomano na Mtambaswala. Lilijengwa na kampuni ya Kichina, China Geo-Engineering, na kwa hiyo wengi hudhani ni msaada wa China. Fedha zilitoka kwa serikali za Msumbiji na Tanzania. Mchina alikuwa fundi aliyeshinda zabuni. Daraja la Maputo hadi Katembe, lililofunguliwa Novemba 2018, ni kinyume chake: liligharimu dola milioni 785, na karibu zote ni mkopo kutoka benki ya Exim ya China, ambao Wamsumbiji wa mikoa yote wanaulipa, wakiwamo wale ambao hawatalivuka kamwe. Mikopo nafuu ya benki hiyo kwa kawaida huja na sharti kwamba mkandarasi awe wa China na sehemu kubwa ya vifaa inunuliwe huko. Fedha huzunguka na kurudi zilikotoka. Kinachobaki ni daraja, na deni.

Lakini inapozungumzwa habari ya madeni yaliyoiangusha Msumbiji, haki itendeke. "Madeni ya siri" ya takriban dola bilioni mbili yaliyofichuka mwaka 2016, yaliyohusu boti za uvuvi wa jodari na ulinzi wa pwani, yalitoka kwa Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Ulinzi wa pwani hii hii uliahidiwa kwa fedha zile. Mwaka mmoja baadaye Mocímboa da Praia ilishambuliwa.

Magogo na daftari

Mnunuzi wa magogo ndiye Mchina anayefahamika zaidi vijijini, na ndiye aliye mbali zaidi na Beijing. Kwa kawaida ni mfanyabiashara binafsi, hana cheo katika chama wala balozi anayemtuma. Anachofuata ni bei. Katika miji ya China, fanicha za mbao nyekundu za kifahari ni alama ya ukwasi, na miti ya Afrika iliingia sokoni humo baada ya miti ya Asia kupungua. Mwaka 2013 shirika la uchunguzi wa mazingira EIA, lenye makao yake London, lilikadiria kwamba karibu nusu ya mbao zilizoingia China kutoka Msumbiji mwaka 2012 zilikuwa zimetoka isivyo halali. Tangu mwaka 2017 Msumbiji imepiga marufuku kusafirisha magogo yasiyopasuliwa. Hata hivyo, Mei 2024 shirika hilohilo lilieleza kwamba biashara imeendelea, na kwamba kuna hatari baadhi ya mbao za Cabo Delgado kutoka misitu iliyo mikononi mwa waasi.

Gogo halipandi meli peke yake. Lina aliyelikata, aliyelipitisha kizuizini, aliyegonga muhuri bandarini. Wengi wa hao ni Wamsumbiji, na kuelekeza hasira yote kwa mnunuzi ni kuwapa hao mahali pa kujificha.

Hata hivyo, upande wa mnunuzi nao una sheria, na hapa ndipo kuelewa utawala wa China kunakoweza kuwa na faida ya vitendo. Sheria ya misitu ya China iliyofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2020 inasema, katika kifungu cha 65, kwamba viwanda vya mbao ni lazima viwe na daftari la mbao zinazoingia na kutoka, na kwamba hairuhusiwi kununua, kuchakata au kusafirisha mbao ambazo mhusika anajua wazi zimekatwa kinyume cha sheria. Kifungu hakisemi wazi kwamba kinahusu mbao za nje, na utekelezaji wake kwa mbao hizo bado ni dhaifu. Lakini kipo. Aidha, mpingo umo katika orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, nchi wanachama ziliongeza mininga na mikongo ya Afrika. China ni mwanachama. Shehena ya miti hiyo bila kibali halali ni kosa Pemba, na ni kosa pia katika bandari ya China inakoshushwa.

Hii ina maana kwamba shirika la kiraia la Pemba lenye namba ya kontena, tarehe na jina la meli lina mahali pawili pa kugonga mlango. Mwaka mzima wa kulalamika kwamba "Wachina wanamaliza misitu" hauwezi kufunguliwa jalada popote. Namba ya kontena inaweza. Wachonga vinyago wa Kimakonde, ambao mpingo ndio riziki yao, wana sababu ya kulifuatilia jambo hili kuliko watu wengi.

Mezani Beijing

Mwezi Novemba 2025 TotalEnergies na kisha ExxonMobil zilitangaza kwamba kizuizi cha kimkataba kilichosimamisha kazi zao kimeondolewa. Mradi wa ExxonMobil, Rovuma LNG, bado unangoja uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Ukiidhinishwa, kiwanda chake kitakuwa na uwezo wa tani milioni 18 kwa mwaka, na CNPC italazimika kutoa sehemu yake ya mtaji.

Hapo ukimya wa mshirika huyo utakuwa na mtihani. Kwa kanuni za China zilizoanza kutumika Machi 2018, makampuni yanayowekeza katika nchi au maeneo yenye vita au machafuko huhesabiwa kuwa na miradi nyeti, na miradi hiyo inahitaji idhini ya tume ya taifa ya maendeleo na mageuzi, si kuandikishwa tu. Swali la kama Palma imetulia, ambalo mpaka sasa limejibiwa na majenerali mjini Maputo na Kigali na na wakurugenzi mjini Paris na Houston, linaweza kuwekwa pia mbele ya maofisa wa Beijing. Watakachosoma ni ripoti za ubalozi, za kampuni na za washirika wake. Waliohamishwa Afungi, na wavuvi ambao maeneo yao ya kutega nyavu sasa hayafikiki, hawana ripoti yao katika jalada hilo, isipokuwa kama mtu ataiandika na kuipeleka.